Vipande Sita vya Sauti ya Ellen

Mtu wa kwanza kunionyesha kwamba Kiingereza kina mwendo wake wa sauti alikuwa amejifungia stoo. Aliitwa Mwalimu Longino, mkufunzi wetu chuoni, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia tulilodhani alizaliwa nalo. Alituacha darasani, akaingia chumba cha pili palipowekwa majembe na ndoo, akafunga mlango, akaanza kusoma kwa sauti. Maneno hayakupita ukutani. Kilichotufikia ni kupanda na kushuka tu, kama mtu anayeongea usingizini. Baadaye alitoka na utando wa buibui kichwani, akauliza, "Nimemaliza, au bado naendelea?"

Tukatazamana. Akarudi stoo.

Alifanya hivyo wiki nzima. Wenzangu walisema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Ilipofika Ijumaa tulikuwa tunajua, bila kusikia neno hata moja, kama anataja orodha, kama anauliza, kama amefika mwisho au anavuta pumzi tu.

Ninyi mnaoingia darasani sasa mna simu zinazosema Kiingereza vizuri kuliko mimi. Sawa. Lakini nimekaa nyuma ya madarasa yenu mara kadhaa tangu nistaafu, mkinialika, na naona mnafundisha sentensi mojamoja, kama shanga zisizo na uzi. Mzungumzaji wa Kiingereza hasemi hivyo. Anasema vipande vipande, na kila kipande kinamtazama jirani yake. Kipande kikiishia juu, au kikishuka halafu kikajikunja na kuinuka kidogo, kinakwambia subiri, mwenzangu yuko nyuma. Kikishuka mpaka chini, kimefunga mlango. Jambo jipya huanzia juu. La nyongeza huanzia chini, palepale lile la kwanza lilipokomea. Na kitu kimoja kikitajwa mara mbili kwa maneno tofauti, mathalani "baba yangu, fundi cherehani," vipande vyote viwili huvaa sare. Mwalimu Longino alikuwa na mfano wake, nao haukuwa wa kuchekesha. "Ni kama watu waliobeba jeneza," alisema. "Ukimwona mmoja tu, bega lake litakuonyesha mwenzake yuko wapi na ana kimo gani."

Niliyajua hayo yote, na bado nikakosea. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliamini kwamba kuishia juu ni adabu, na kushusha sauti ni ukali. Basi nikawafundisha watoto kuinua kila mwisho wa sentensi. Siku ya wageni kiranja wetu mkuu, msichana mmoja mrefu mwenye akili sana, akasimama kuwakaribisha kwa Kiingereza. Karibuni shuleni kwetu, juu. Tumefurahi kuwaona, juu. Ahsanteni, juu. Kisha akanyamaza. Wageni wakainamia mbele wakisubiri. Yeye akasubiri makofi. Kimya kikawa kirefu hata tukamsikia mbuzi wa jirani anavyocheua. Mgeni aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Amesahau?" Mkuu wa shule akapiga makofi peke yake.

Nilimkuta yule binti jikoni, nyuma ya masufuria ya ugali, analia. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa zima nikaomba radhi, jambo ambalo walimu wa enzi hizo hawakulifanya. Kosa lilikuwa langu. Nilimpeleka mtoto wa watu katikati ya daraja, nikamwacha hapo.

Shule yangu ilikuwa chini ya milima ya Uluguru, upande wa Mlali, na nusu ya wanafunzi walishuka kutoka vijiji vya juu. Hao walikuwa na tabu yao. Kule juu nyumba ziko kwenye migongo ya milima inayotazamana, na mtu humwita mwenzake kuvuka bonde zima, basi huvuta silabi ya mwisho na kuiinua ili ifike. Walipoanza Kiingereza waliita namna hiyohiyo. Niliwaambia, "Mimi siko ng'ambo. Niko hapa, hatua tatu." Mmoja wao alikuwa Deo. Masikio kama ya Deo sijayaona kwa mwanafunzi mwingine. Ungeweza kusoma mstari mara moja, naye akakurudishia wimbo wake wote, hata kama maneno yamemponyoka. Alipokua akawa mwongoza wageni milimani, na kila alipopita mjini aliniletea kabichi au karoti kutoka shambani kwa mama yake.

Sasa niwaeleze kilichotokea mwaka wangu wa mwisho kazini. Wengi wamekisikia kwa mdomo wa watu wengine, kikiwa kimeongezwa chumvi.

Asubuhi moja mama yake Deo alikuja nyumbani kwangu Kihonda na bodaboda, kandambili mkononi, miguu imejaa matope.

"Mwalimu, mwanangu yuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Kituoni. Yule mgeni wake wa vinyonga amepotea msituni, leo siku ya tatu. Simu inasema Deo kamtelekeza mtoni. Simu, mwalimu! Simu inaweza kusema uongo?"

Mgeni huyo aliitwa Ellen, Mwingereza wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa anatafuta vinyonga wadogo wanaopatikana huko kwetu tu. Niliwahi kumwona mara moja na Deo sokoni, akinunua ndizi, anacheka na wauzaji. Nikavaa kitenge changu, tukaenda.

Mpelelezi aliyeshika jambo lile alikuwa dada kijana, Afande Zuhura. Alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Afadhali umekuja. Nilikuwa natafuta mtu wa Kiingereza. Tumetafsiri wenyewe, lakini nataka mtu mzima aweke sahihi."

Akanieleza. Ellen alikuwa na desturi ya kutuma ujumbe wa sauti kwa mama aliyempangisha chumba mjini, na alikuwa akiachia kidole kila avutapo pumzi, hivyo ujumbe mmoja ulikuja kwa vipande vifupivifupi. Siku ile huko juu mtandao ulikuwa haba. Vipande vilikwama, kisha vikaingia vyote kwa mkupuo, vyote vikiwa na dakika ileile. Vilikuwa sita. Karatasini walikuwa wameandika kwa mfuatano vilivyoingia:

"Deo ameniacha. Upande wa pili. Chini kwenye maji. Ninamsikia. Wakati anatafuta njia. Ndiyo, ndivyo."

"Sasa msikilize Deo," Afande Zuhura akasema. "Anadai alimwacha juu mgongoni, kwenye jiwe kubwa, saa nane mchana, ukungu ulipofunga. Anadai hawakufika majini kabisa. Mgeni mwenyewe anasema kaachwa majini, upande wa pili. Pale njia inapovuka kijito tumetafuta siku mbili, ng'ambo yote. Hakuna kitu. Halafu kuna hili lingine. Deo anasema alitoka kwenda kuangalia njia, mwendo wa robo saa. Alirudi jiweni baada ya zaidi ya saa nzima. Nikimuuliza saa nzima ulikuwa wapi, anasema, nilikaa."

"Alikaa wapi?"

"Chini. Alikaa tu. Hasemi zaidi."

Niliomba kuongea na Deo. Walimleta. Alinisalimu, akatazama sakafu. Nikamuuliza swali lilelile, kwa upole, kama mwalimu wake. Akasema, "Madam, nilikaa," akarudishwa alikotoka. Nilimfahamu tangu akiwa na miaka kumi na minne, na sikuwahi kumwona akiogopa. Siku ile alikuwa na hofu, ila haikuwa ya askari.

Nikaomba ile simu iliyopokea ujumbe. Nilisikiliza vipande vyote mara moja kama mtu yeyote angesikiliza, na kwa kweli nilisikia walichosikia wao. Maneno yana nguvu hiyo, yanakuziba masikio. Basi nikavua kitenge nilichojitanda, nikaifunga simu mikunjo minne, nikaiweka mezani.

"Mwalimu, unaificha?" Afande Zuhura akacheka.

"Naiweka stoo. Naomba tunyamaze."

Chini ya kile kitenge maneno yalipotea. Ikabaki sauti ya mwanamke inayopanda na kushuka. Nilikata karatasi sita, nikachora mstari wa kila kipande, kinapoanzia na kinapoishia, nikavisikiliza tena na tena. Kazi ile ilichukua karibu saa nzima na vikombe viwili vya chai.

Kipande "Deo's left me," Deo ameniacha, hakikushuka. Kilibaki kinaning'inia, kama mguu ulioinuliwa kupanda ngazi. Mtu anayelalamika kwamba ametelekezwa haongei hivyo, anashuka moja kwa moja. Huyu alikuwa hajamaliza. Kilichofuata lazima kianzie pale juu hicho kilipoishia, kipokee na kushuka. Kati ya vipande vyote ni kimoja tu kilichoanzia kwenye kimo kile na kufika chini: "wakati anatafuta njia." Nikaviweka pamoja. Deo ameniacha wakati anatafuta njia. Hapo mlango ukafungwa.

"Ninamsikia" kilianzia juu kuliko vyote. Hilo lilikuwa jambo jipya. Mwisho wake kilishuka na kujikunja, kikaomba mwenzake. Halafu "chini kwenye maji" kikashuka taratibu mpaka chini. Na "upande wa pili" kikaanzia palepale chini, kikashuka mteremko uleule, kidogo zaidi, sare moja na kile cha maji. Vilikuwa pacha, mahali pamoja pametajwa mara mbili.

Nikamsomea Afande: "Deo ameniacha wakati anatafuta njia. Ninamsikia chini kwenye maji, upande wa pili."

Aliziangalia zile karatasi. Akazipanga kama nilivyozikuta, akazirudisha nilivyopanga mimi.

"Kwa hiyo hakuachwa majini."

"Aliachwa jiweni, kama Deo asemavyo. Akasikia mtu majini, akamfuata. Huo upande wa pili ni upande wa pili wa jiwe. Ninyi mmetafuta upande wa pili wa kijito."

"Nyuma ya jiwe ni genge, mwamba umekatika, mwalimu. Hakuna anayeteremka kule."

"Maji yapo?"

Akamwita askari mmoja mwenyeji wa huko, akamuuliza. Yapo, akasema yule askari. Kuna kijito kingine chini ya genge, hakina njia.

"Unataka nimpelekee bosi wangu wimbo?" Afande Zuhura akaniuliza, lakini alikuwa tayari ameshika kofia.

"Mpelekee mahali pa kutafuta. Na mwongozaji mnaye, mmemfungia."

Alifika mlangoni, akageuka. "Hiki cha sita hukukipanga."

Kwa kweli nilikuwa nimekisukuma kando ya meza. Kilikuwa maneno mawili tu, "Yes. I am." Ndiyo, na ndivyo nilivyo. Vishuko viwili vidogo, kimoja baada ya kingine. Hicho hakikuwa kipande cha habari anayompa yule mama aliyempangisha. Lilikuwa jibu.

"Anamjibu nani?" Afande akauliza.

"Sijui."

"Si huyo Deo aliyemsikia majini?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini nimeishi na sauti miaka thelathini na zaidi. Mtu aliye juu ya genge akimjibu aliye chini kwenye maji hupaza sauti. Hunyoosha maneno yafike. Ellen hakupaza. Alijibu kwa sauti ya chini, ya mtu na mtu, kama unavyomjibu aliyekaa nawe benchi moja. Nilimwambia Afande hivyo. Hakuandika. Alivaa kofia yake akatoka.

Asubuhi yake tulipanda kwa gari la polisi hadi barabara inapokwisha, kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji. Deo alikuwa mbele, bila pingu. Mimi nilikwenda kama mkalimani, ila magoti yangu hayakuniruhusu kupita pale. Watu kumi na tano hivi waliendelea na kamba na machela. Nilibaki kwa mama mwenye nyumba ile, mkulima wa mboga, anapukuchua maharage barazani. Mama Deo alikuwa nami.

Saa nne hivi ukungu ukashuka. Mliozaliwa mjini mnadhani ukungu ni wingu tu. Ule ulikuja kwa miguu. Ulimeza kwanza miti, kisha migomba, kisha banda la mbuzi hatua kumi kutoka tulipokaa. Mbuzi wenyewe wakanyamaza. Mama Deo alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba kwenda msalani, na nilipoona anakawia nikafungua mdomo kumwita. Mama mwenye nyumba akanishika mkono ghafla, maharage yakamwagika.

"Hapa ukungu ukishuka mtu haitwi, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Anafuatwa."

Akasimama, akaenda kumfuata, akarudi naye akiwa amemshika mkono kama mtoto. Halafu akainama kuokota maharage yake.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Tuliwasikia wakija, miguu tu na pumzi, hakuna aliyeongea. Ellen alikuwa juu ya machela, hai. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, midomo imepasuka. Walimkuta chini ya genge, ukingoni mwa maji, upande wa pili wa jiwe, amejikunja kwenye magugu. Siku zote hizo alikunywa maji ya kijito na kula biskuti zilizokuwa kwenye begi lake. Mama Deo alipiga magoti, akaanza kusali kwa sauti. Mimi nilikaa tu. Machozi yalinitoka na pua pia, siwafichi.

Walimlaza kwanza zahanati ya kijiji wafunge mguu kabla ya safari ya hospitali. Afande Zuhura alihitaji maelezo yake, akaniita nitafsiri. Chumba kilikuwa kidogo. Ellen kitandani, Afande kwenye kiti na daftari, mimi ukingoni mwa kitanda, Deo amesimama mlangoni ametupa mgongo, anaangalia nje.

Ellen alieleza bila tabu. Deo alimwambia akae jiweni asiondoke. Akakaa. Akaanza kumtumia ujumbe yule mama aliyempangisha mjini ili asiwe na wasiwasi. Alipokuwa katikati ya ujumbe akamsikia Deo chini, upande wa genge. Akadhani amepata njia kule.

"Ulimwona?" Afande akauliza, nami nikatafsiri.

"Hapana. Ukungu ulikuwa mzito. Lakini ilikuwa sauti ya Deo. Mara ya kwanza ilitoka kule chini. Mara ya pili ilikuwa karibu. Karibu sana. Alikuwa anaongea Kiingereza."

"Alisema nini?"

Ellen alikunja uso. "Aliniuliza jambo la ajabu. Niliona ni utani, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyeniacha. Aliniuliza kama niko peke yangu. *You're alone, aren't you.* Kidole changu kilikuwa bado kwenye simu. Nikamjibu. Kisha nikasikia hatua zinateremka, nikazifuata, na ardhi ikaisha."

Nilimtafsiria Afande. Kalamu yake ilisimama.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kazi, maana bila hilo hamtaelewa. Kile kijimkia cha mwisho, *aren't you*, kina njia mbili. Kikipanda, mwenye kuuliza hajui, anataka umwambie. Kikishuka, anajua tayari. Haombi jibu, anataka ukubali. Maneno ni yaleyale, herufi kwa herufi. Mwalimu Longino alitufundisha hilo stoo siku ya nne, nami nikawafundisha watoto wa Mlali kwa miaka yote niliyokaa pale.

"Ilipanda au ilishuka?" nikamuuliza Ellen.

Alifikiri. "Sikumbuki vizuri. Nimeisikia kichwani mara nyingi mno siku hizi nne, sasa imechanganyika. Sema wewe, mwalimu. Sema zote mbili, nitaitambua."

Hilo nimelifanya mara elfu. Ni mazoezi ya kidato cha pili. Nikavuta pumzi.

"Usiseme, Madam," Deo akasema.

Alikuwa amegeuka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuuona uso wake wote. Alizungumza Kiswahili, taratibu, akinitazama mimi peke yangu.

"Usiseme hapa. Iliniuliza na mimi."

"Nani, Deo?"

"Nilipofika mbele kidogo kwenye mgongo wa mlima. Iliniuliza hilohilo kwa sauti ya Ellen, nyuma ya bega. Nilitaka kuitika, mdomo ulishafunguka. Halafu nikasikia mwisho wake. Ulishuka. Ellen huwa anauliza kwa kupandisha, kila mara, hata akitaka chumvi. Nikakaa chini. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikakaa hivyo mpaka ilipoacha. Ilikuwa saa nzima, Madam. Ingekuwa dakika moja ningewahi kumrudia. Ningemwambia nini afande? Ningesema nini kituoni?"

Nje watu walikuwa wanafunga machela kwa ajili ya safari.

"Mtu anayeuliza hajui," Deo akasema. "Ndivyo ulivyotufundisha. Yule alikuwa anajua."

Afande Zuhura alifunga daftari lake, akaweka kalamu mfukoni bila kuandika neno. Jioni ile Deo alilala kwao, na jambo lake halikufika mbele zaidi. Sasa anawaongoza wageni tena, ila hatoki jiweni bila kumshika mgeni wake mkono.

Lakini pale zahanati, Ellen alikuwa bado anatutazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri. Alijua kuna jambo kubwa limesemwa katika lugha asiyoielewa vizuri. Akanivuta kitenge.

"Amesema nini?" akaniuliza, na mwisho wa swali lake ukapanda, juu kabisa, kama wa mtoto.

Wanangu, mkalimani akishaketi kati ya watu wawili hana maneno yake mwenyewe. Nimeliheshimu hilo kortini, kwenye semina za kilimo, misibani, mbele ya maaskofu na mbele ya walevi. Sikuwahi kupunguza neno wala kuongeza. Siku ile nilimtazama binti yule, mguu umefungwa mbao, na bado alikuwa na safari ya kushuka mlima mzima kwenye machela katikati ya ukungu.

"Anakuomba radhi," nikamwambia, "kwa kuchelewa."

Nikaishusha sauti mpaka chini, ili asisubiri zaidi.